Namna ya Kuwa Mskoti Bila Kutoka Chechelesi

Usiogope. Kuwa Mskoti hakuhitaji pasipoti, nywele nyekundu wala mvua ya kila siku. Kunahitaji sketi, mbuzi, ukoo, na uwezo wa kusema "tangu enzi za mababu" bila kupepesa macho. Vitatu vya kwanza vinapatikana Isiolo kwa bei ya kuelewana. Cha nne ndicho chenye kazi, nacho tutakifanyia mazoezi polepole.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa mtaa wa Chechelesi mjini Isiolo, ingawa wa Bulapesa na Kulamawe nao wakichungulia hatutawafukuza. Katika mji wetu mtu hutoka kununua maziwa akakutana na Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru kabla hajafika dukani, kila mmoja na vazi lake, salamu yake na maoni yake kuhusu wenzake. Mila tunazo hadi tumechoka nazo. Tatizo ni kwamba kuzivaa zetu hakutulipi, ilhali Mskoti akivaa zake hupigwa picha, huitwa bwana na hukaribishwa meza ya mbele. Biashara ni biashara, tuchukue zinazouza.

Tuanze na vazi. Kilti ni kitambaa cha sufu cha mita saba hivi, kilichokunjwa marinda nyuma, kikafungwa kiunoni na kuishia gotini. Hapa mkazi wa Chechelesi anawatangulia wanafunzi wote wa dunia, kwa sababu ameshapita mtihani mgumu kuliko yote: kutembea barabarani bila suruali, na bado watu wakamwamkia kwa heshima. Macawis unayoivaa msikitini Ijumaa ni ndugu wa kilti. Kikoi cha Pwani ni binamu yake. Kinachowatenganisha ni mita tano za sufu na jua la Isiolo, ambalo halikushirikishwa vazi hili lilipobuniwa. Zingatia pia kwamba Mskoti, popote aendapo, huulizwa amevaa nini ndani ya kilti, na ameshatunga majibu mia ya kuchekesha. Hapa hakuna aliyewahi kumuuliza mzee swali kama hilo kuhusu macawis yake. Itabidi ujiulize mwenyewe kwa sauti, kisha ucheke.

Usiagize sufu kutoka Edinburgh. Tartani imejaa madukani, kwa sababu wasichana wa shule nyingi za Kenya huvaa sketi zake za marinda, na fundi yeyote wa cherehani anaijua kazi hiyo akiwa amefumba macho. Ugumu ni mmoja tu, wa maelewano.

"Mzee, sketi ni ya mtoto wa darasa gani?"

"Ni yangu mimi, fundi."

Atanyamaza kidogo, kisha atavuta utepe wa kupimia. "Haya. Nibakishe pindo la kushusha, au umeshamaliza kukua?"

Vumilia. Kwa kuwa kilti haina mifuko, utahitaji kipochi cha ngozi cha kuning'iniza mbele, chini ya kitovu, chenye manyoya na vishada. Kwetu mbuzi mmoja hutoa kipochi hicho na nyama ikabaki. Kinatosha simu, kitambulisho, na ile mia ya barabarani isiyo na risiti. Halafu kuna kisu kidogo cha kuchomeka ndani ya soksi. Msamburu akikuona atasikitika, maana yeye simi lake hulifunga kiunoni waziwazi na hajawahi kulionea haya. Soksi zenyewe ni za sufu, hufika gotini, na wewe utazivaa na akala. Kufikia saa saba mchana utakuwa umeelewa vizuri maana ya kuteseka kwa ajili ya mababu wa watu wengine.

Sasa inakubidi ujue historia, kwa sababu utaulizwa. Zamani watu wa Nyanda za Juu za Uskoti walijifunga blanketi kubwa, mchana vazi na usiku tandiko, jambo ambalo mchungaji wa Merti hahitaji kusimuliwa. Ile kilti fupi ya leo, kwa masimulizi yaliyoandikwa katika karne ya 18, ilikatwa mnamo miaka ya 1730 kwa ushauri wa Mwingereza aitwaye Thomas Rawlinson, mwenye tanuri la chuma, aliyeona wafanyakazi wake wanahangaika na blanketi karibu na moto. Waskoti wengi huipinga habari hii, na ukitaka kuwa Mskoti kamili nawe ipinge, kwa hasira, kabla hata hujaombwa.

Mwaka 1746, baada ya waasi wa Nyanda za Juu kushindwa kule Culloden, serikali ya London ilipiga marufuku vazi lao. Marufuku ilidumu hadi 1782. Walioruhusiwa kulivaa ni wale tu waliokubali kuwa askari wa serikali hiyohiyo, wakalizungusha duniani kote wakipigana vita vya mfalme. Wakati huo Waskoti wa mabondeni, wale wa Edinburgh na Glasgow, waliwaona ndugu zao wa milimani kuwa washenzi wasiojua kazi nyingine ila kuiba ng'ombe. Natumaini msomaji wa Isiolo ameketi vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye faida. Rob Roy MacGregor, aliyefariki mwaka 1734, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyewatoza wenye mifugo pesa ili mifugo yao isiibwe, na asiyelipa aliyaona ya kuyaona. Mwaka 1817 Sir Walter Scott akamwandikia riwaya. Mwaka 1995 akatengenezewa filamu, na siku hizi watalii hupanga foleni kuliona kaburi lake huko Balquhidder. Kijana wa kwetu akifanya hivyo hufuatwa na kikosi cha polisi cha kuzuia wizi wa mifugo, bila riwaya wala mtalii. Wizi wa ng'ombe, kumbe, unahitaji kulazwa miaka 100 mahali pakavu, kisha unatolewa ukiwa urithi.

Scott huyohuyo ndiye mwalimu wetu mkuu. Agosti 1822, Mfalme George wa Nne alikwenda Edinburgh, mji ambao wafalme waliokuwa madarakani hawakuwa wameukanyaga kwa karibu miaka 200. Scott alipewa wiki chache tu za kuandaa sherehe. Hakuunda tume. Aliamuru kila mheshimiwa avae tartani, wakiwemo wale wa mabondeni ambao babu zao wangekufa kwa aibu. Mfalme mwenyewe, mnene kupindukia, alitokea ndani ya kilti fupi juu ya soksi ndefu zilizobana, zenye rangi ya ngozi, na vazi lake liligharimu zaidi ya pauni 1,300 za wakati ule. Mchoraji David Wilkie alimchora baadaye na kwa huruma akaiacha miguu wazi. Tangu wiki hizo, nchi nzima ina vazi moja la asili.

Wafanyabiashara hawakulala. Kiwanda cha William Wilson na Wanawe huko Bannockburn kilikuwa na madaftari ya mitindo ya tartani, mingine ikijulikana kwa namba tu. Koo zilipoanza kuulizia tartani zao za kale, namba zikapata majina. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojidai kuwa wajukuu wa ukoo wa kifalme wa Stuart walichapisha kitabu cha tartani za koo, wakisema wamekitoa kwenye hati ya karne ya 16. Hati hiyo ya kale hakuna mtaalamu aliyeonyeshwa, na kitabu kikaja kujulikana kuwa cha kughushi. Mitindo yake kadhaa inavaliwa hadi leo harusini, na maharusi wanalia machozi ya kweli.

Ukishaelewa hayo, utaona sisi tulikosea wapi. Mwaka 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa baada ya shindano lililodhaminiwa na Unilever, wenye sabuni ya Sunlight. Wabunifu walikuwepo, wataalamu walikuwepo, mashauriano yalifanyika nchi nzima. Siku hizi ukimwona mtu amelivaa mjini Isiolo, mpige picha haraka. Halikuwa na mfalme mnene wa kulizindua, na halikuwahi kupigwa marufuku. Hilo la pili lilijaribiwa kwa kuchelewa: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliwakataza wabunge kuingia na suti za Kaunda na mavazi ya kiasili, akawakumbusha kwamba mwanamume anatakiwa awe na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Mwanzoni mwa mwezi huohuo alikuwa ameondoka nchini Mfalme Charles, ambaye akiwa Uskoti huvaa kilti na hakuna askari wa mlangoni anayemrudisha nyumbani abadilishe. Zingatia vizuri kanuni hiyo ya suruali ndefu. Ukifanikiwa kuwa Mskoti kamili, Bunge hutaingia.

Ukoo. Huu Mchechelesi amezaliwa nao. Mtoto wa Kiborana anajua kabla ya kung'oa meno kama yeye ni wa Sabbo au wa Gona, na mtoto wa Kisomali anakutajia baba, babu, na baba wa babu bila kuvuta pumzi hadi wewe ndiye uombe maji. Mtalii mwenye jina la Kiskoti, kwa upande wake, huingia duka lililo katika barabara kuu ya Edinburgh ya kale, akamtajia muuzaji jina lake, akatoka na ukoo uliokunjwa ndani ya mfuko wa karatasi. Kama jina lake halina ukoo, hupewa tartani ya wilaya. Msimcheke sana lakini. Isiolo nayo imewahi kushuhudia asili ikijazwa kwenye fomu: Waisaaq, wazao wa askari wa Kisomali waliopewa makazi hapa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliidai serikali ya kikoloni iwaandikishe kuwa Waasia, kwa sababu Mwasia alikuwa na haki ambazo Mwafrika hakuwa nazo. Walilipigania jambo hilo kwa barua na mawakili. Wangekuwa na habari za kiwanda cha Bannockburn, wangemaliza mapema.

Machifu wa koo za Uskoti nao wana la kutufundisha, ingawa halimo kwenye vipeperushi vya utalii. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 wengi wao waligundua kwamba kondoo wanaleta pesa kuliko watu wa ukoo. Basi kondoo wakapewa ardhi, watu wakapewa meli ya kwenda Kanada. Wajukuu wa waliofukuzwa ndio wanaorudi leo kununua tartani ya chifu aliyewafukuza. Wafugaji wenzangu, someni sentensi hiyo mara mbili, kisha tuendelee na muziki.

Zumari ya Kiskoti ni mfuko wa ngozi uliochomekwa mabomba: moja la kupulizia, moja la kuchezea vidole, na matatu yanayonguruma muda wote kwa sauti ileile, kama mjomba aliyeshika kipaza sauti katika harusi. Ngozi haitusumbui. Watu waliotengeneza viriba vya maji kwa ngozi ya mbuzi hawashindwi na mfuko wa hewa, na siku hizi Waskoti wenyewe hutumia vitambaa vya kiwandani. Mabomba ndiyo yenye habari. Tangu karne ya 19 mafundi wazuri huyachonga kwa mpingo, mti wetu wa Afrika Mashariki, unaotoka zaidi kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Ni mgumu, mzito hadi huzama majini, na huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Vijiji vya wilaya ya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kuvuna mpingo bila kuumaliza msitu. Kwa hiyo mpiga zumari anapowaliza watu kwenye mazishi huko Inverness, kinacholia mikononi mwake ni Kilwa. Mwambie hivyo ukikutana naye, lakini msubiri amalize.

Na kama unadhani chombo hiki hakiendani na nchi ya joto, tazama Oman, ambako Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani mwa wengi waliotoka Zanzibar. Bendi za majeshi yake hupiga zumari za Kiskoti, nyingine zikiwa juu ya ngamia. Ngamia Chechelesi wapo. Nashauri tu umpande aliyezoea kelele za bodaboda, na umlipe mwenyewe kabla ya wimbo wa kwanza.

Chakula ni rahisi kuliko vyote. Hagisi ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, vilivyokatwakatwa pamoja na oti, vitunguu, mafuta na viungo, vikashindiliwa ndani ya tumbo la mnyama huyo na kuchemshwa. Mama yeyote anayeuza supu na matumbo asubuhi atakuuliza sherehe iko wapi hapo. Tofauti na mutura, haichanganywi damu, kwa hiyo mnyama akichinjwa kwa utaratibu Muislamu anakula bila wasiwasi. Hagisi ya halali inauzwa hata Glasgow. Wamarekani, kwa upande wao, wamekataza mapafu katika chakula cha binadamu tangu 1971, na Mskoti wa kule hulazimika kusherehekea babu zake kwa hagisi pungufu. Sherehe yenyewe ni tarehe 25 Januari, siku ya kuzaliwa kwa Robert Burns, mshairi wao wa karne ya 18. Hagisi huingizwa ukumbini ikiongozwa na zumari, wageni wakisimama, kisha mtu mmoja huighania shairi ambalo Burns aliyatungia matumbo hayo, na katikati ya beti huichoma kisu. Burns huyo alimalizia maisha yake akiwa ofisa wa ushuru. Jaribu kupata picha ya taifa linalosimama wima kila mwaka kwa heshima ya mtu wa KRA.

Pombe yao kali itatugawanya, kwa hiyo tunaibadilisha bila kuomba ruhusa. Mimina maziwa ya ngamia, yale ambayo akina mama wa ushirika wa Anolei husafirisha kwa basi hadi Eastleigh, na umalizie kwa buna ya Kiborana, kahawa iliyokaangwa na maganda yake ndani ya samli. Mskoti halisi akilalamika, mwambie ni ya tangu enzi za mababu. Umeona? Umeshaanza kuzoea.

Kuhusu mnyama wa taifa, Waskoti walichagua farasi mwenye pembe moja, ambaye hayupo. Ni uamuzi wa busara, kwani hali mazao ya mtu na hahitaji askari wa KWS. Sisi tunaye wa karibu naye: choroa wa Buffalo Springs, akigeuka ubavu, pembe zake mbili ndefu huonekana moja, na wapo wanaosema hadithi ya mnyama wa pembe moja ilianzia kwa jamaa zake. Mbugani humohumo utamkuta swala granti, mwenye jina la James Grant, Mskoti wa Nairn aliyesafiri na mpelelezi Speke kutafuta chanzo cha Nile. Swala tomi ni wa Joseph Thomson, Mskoti mwingine. Hao walipita tu wakaacha majina yao juu ya wanyama ambao tayari walikuwa na majina. Mchezo wao wa kurusha gogo, hata hivyo, uache. Gogo ni la mita tano au sita, na ukianza kukata mgunga wa urefu huo chifu atataka kuona kibali.

Onyo moja, na hili si la mzaha sana. Aliyewahi kuufuata mwongozo wa namna hii hadi mwisho katika ukanda wetu ni Idi Amin. Alikuwa mwanajeshi wa KAR, jeshi la kikoloni, akawapenda maofisa wake wa Kiskoti, na alipokuwa rais wa Uganda akawavisha askari wake kilti, akawapa zumari, akatangaza kwamba yuko tayari kuwa Mfalme wa Uskoti. Dunia ilicheka. Waturkana hawakucheka, kwa sababu walimjua tangu 1962, pale kikosi chake kilipotuhumiwa kuwaua raia katika msako wa mifugo kaskazini mwa Kenya. Vaa sketi, piga zumari, kula hagisi. Ufalme waachie wenyewe.

Hatua ya mwisho ni kusajili. Tangu 2009 Uskoti ina daftari rasmi la tartani, na mtu wa popote anaweza kuomba kwa intaneti: analipa ada, anathibitisha mtindo wake ni mpya, na anaeleza anahusiana vipi na jina alilochagua. Tartani ya Chechelesi haimo. Napendekeza nyekundu ya vumbi, nyeupe ya maziwa ya ngamia, na kijani cha miraa inayoshuka kila siku kutoka Maua. Kwa kuwa ni jina la mahali, nenda na barua ya chifu, na chifu, kwa kuwa ni mtu makini, ataitisha baraza.

Wazee wa Kiborana watauliza nani aliamua nyekundu itangulie. Wasomali watasema nyeupe ni yao tangu zamani. Mturkana na Msamburu watataka mistari ipimwe kwa rula. Vijana walio Minneapolis watatuma ujumbe wa sauti wa dakika tisa wakitaka samawati. Diwani atapendekeza, kwa nia njema kabisa, uzi mmoja wenye rangi ya chama chake. Kisha mtu wa nyuma atasimama na kuuliza mstari wa Mmeru unaishia wapi na wa Isiolo unaanzia wapi, swali ambalo kaunti mbili hazijalimaliza hata kwenye ramani, na hapo mwenyekiti ataomba chai iletwe.

Kamati ndogo itaundwa. Kikao cha kwanza kitaafikiana kuhusu posho. Cha pili kitaahirishwa. Kabla ya cha tatu utapigiwa simu na fundi: shule zinafunguliwa Jumatatu, wazazi wamemjaa mlangoni, na kile kitambaa chako cha mita saba kimetoa sketi nne nzuri za wanafunzi.

"Sasa, mzee, nikurudishie pesa au nikushonee macawis?"